Laptopu mpya inaona Wi-Fi za majirani wote isipokuwa yetu: fundi anasema kadi imekufa

Mleta uzi (Kampemba, Lubumbashi)

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Naomba msaada wenu katika jambo lililotukalia nyumbani kwa siku tatu, na nitalieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu nimeona kwamba mtu akisema tu "laptopu haishiki intaneti", kila anayemsikia humpa dawa yake bila kuuliza ugonjwa.

Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Marekani akamletea binti wa kaka yangu laptopu mpya, ikiwa bado imefungwa katika boksi lake, kwa ajili ya masomo ya chuo kikuu. Ina Windows 11. Haina tundu la waya wa mtandao kama laptopu za zamani. Ina matundu mawili ya USB ya kawaida na moja dogo la USB-C, basi. Tulipoiwasha ilituuliza lugha, tukachagua Kifaransa. Ikauliza nchi na kibodi, tukakubali iliyopendekeza yenyewe. Kisha ikatufikisha kwenye ukurasa wa kuchagua mtandao, na hapo ndipo ilipogoma. Majina ya Wi-Fi za majirani yalijipanga, nikahesabu saba, hata ile ya duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Yetu haikuwamo. Ruta yetu ya 4G iko juu ya kabati, hatua nne kutoka mezani, taa zake zinawaka, na dakika ile ile simu tatu za humu ndani zilikuwa zikiitumia. Laptopu nayo haikubali kuendelea bila mtandao: kitufe cha kuendelea kimefifia na hakibonyezeki.

Kijana wa duka la dawa, Mungu amzidishie, alitupa neno lake la siri ili tujaribu kwake. Tuliliandika mara nne kwa uangalifu, yeye mwenyewe akiwa amesimama nyuma yetu, na mara zote nne laptopu ikajibu kwamba si sahihi. Modemu yetu ya zamani ya USB tuliichomeka pia. Taa yake iliwaka, lakini ukurasa ule haukusogea.

Jana niliipeleka kwa fundi mjini. Baada ya kusikia habari ya neno la siri lililokataliwa alisema hiyo ndiyo dalili kamili, kadi ya Wi-Fi, yaani kipande cha ndani kinachonasa Wi-Fi, imekufa, inabidi laptopu ifunguliwe iwekwe nyingine. Bei aliyotaja ilimfanya binti yetu ainamishe kichwa. Nilimshukuru nikairudisha nyumbani, kwa sababu kuna neno moja halikuniingia: kadi iliyokufa inasomaje majina ya Wi-Fi saba?

Mchangiaji wa Katuba

Kaka yangu, swali lako la mwisho ndilo jibu, na umefanya vyema kutoruhusu bisibisi iguse mashine ambayo haijamaliza hata wiki. Kadi ikifa, au ikikosa draiva yake (ile programu ndogo inayoiwezesha mashine kuitumia), hiyo orodha huioni kabisa. Unakuta ukurasa mtupu, au alama ya Wi-Fi haipo. Mashine inayosoma majina saba ina kadi hai na draiva inayofanya kazi. Tatizo liko mbele ya hapo, kati ya laptopu na ruta.

Hayo tutayatafuta baadaye. Kwanza ipitishe laptopu kwenye mlango wa simu. Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wake wa USB, kisha ndani ya mipangilio ya simu, mahali pa kushiriki intaneti, washa ile ya kupitia USB. Usichague ya Wi-Fi wala ya Bluetooth. Windows ina draiva ya njia hiyo tangu kiwandani, kwa hiyo haitakuomba kusakinisha chochote. Itaiona simu kana kwamba ni waya wa mtandao. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: simu ikiwa imeshika Wi-Fi ya nyumbani, itapitisha Wi-Fi hiyo kwenye waya, wala haitakula mega zako za laini ya simu.

Usitumie iPhone kwa hatua hii. Kwa waya inahitaji draiva ya Apple, ambayo laptopu isiyo na intaneti haina pa kuitoa.

Mleta uzi

Asante sana, ndugu wa Katuba. Nakuandikia kutoka kwenye laptopu hiyo hiyo, lakini njia haikunyooka moja kwa moja, na naona ni haki niwaambie wengine mahali nilipojikwaa.

Waya wa kwanza ulikuwa ule tuliozoea kuchajia simu. Simu ilianza kuchaji vizuri, lakini kila nilipotaka kuwasha ile sehemu ya USB, ilikuwa imefifia. Nilidhani simu ndiyo mbovu. Binti akaleta waya mwingine, mnene kidogo, uliokuja na simu ya mama yake, na papo hapo sehemu ile ikakubali. Nilipochunguza nikaelewa: ndani ya waya kamili wa USB mna nyuzi za umeme na nyuzi za data, na nyaya nyingi za bei ndogo tunazonunua barabarani zina zile za umeme peke yake. Zinalisha simu, lakini hazipitishi neno lolote. Ukiweka nyaya mbili hizo mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho, isipokuwa pengine kwa unene.

Baada ya hapo laptopu ilisema yenyewe kwamba imeshika mtandao, na kitufe kikafunguka. Ikaomba anwani ya barua pepe. Binti akaanza kuandika, na sote wawili tukaona kwenye kioo kitu ambacho kilinifanya nisimame. Kila alipobonyeza kitufe kilichoandikwa A, ilitokea q. Alipobonyeza M, ilitokea alama ya mkato. Alipobonyeza 2, ilitokea é.

Laptopu hii imetoka Marekani, kwa hiyo vitufe vyake vimepangwa kwa mtindo wa QWERTY, ulioitwa hivyo kwa herufi za mstari wake wa juu. Sisi tulichagua Kifaransa, na mashine ikatupendekezea kibodi ya Kifaransa, AZERTY, ambayo ndiyo tuliyoizoea hapa tangu shuleni, nasi tukakubali bila kutazama vitufe. Kwa hiyo tulipokuwa tukiandika neno la siri la duka la dawa, mashine ilikuwa ikipokea neno lingine kabisa, na kwa kuwa neno la siri hufichwa kwa vidoto, hakuna aliyeona, hata mwenye Wi-Fi aliyesimama nyuma yetu. Zile mara nne tulikuwa tukiandika upuuzi ule ule kwa uaminifu mkubwa. Na fundi alilijengea hukumu yake juu ya dalili hiyo!

Tulibadilisha kibodi kuwa ya Marekani, tukajaribu tena Wi-Fi ya jirani, ikashika kwa mara ya kwanza. Kwa wenye tatizo hili: kabla hujasema neno la siri limekataliwa, bonyeza ile alama ya jicho iliyo pembeni ya kisanduku na usome ulichoandika kweli. Na mkisha kuongeza kibodi zote mbili, kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi kinazibadilishana.

Lakini Wi-Fi yetu wenyewe bado haionekani. Hapo ndipo nilipo.

Mchangiaji wa Ruashi

Hongera, kaka. Mimi ni mama wa watoto wanne, nafanya kazi ya kutunza kompyuta za ofisi moja hapa mjini, na ugonjwa wako nimeuona mara mbili kwa laptopu zilizotoka Marekani. Naomba unijibu swali moja: ruta yako imekaa kwenye mkondo wa ngapi?

Nieleze kwa nini nauliza. Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz imegawanywa katika mikondo. Mkondo wa 1 uko kwenye megahezi 2412, na kila mkondo unaofuata unaongeza megahezi 5, hata ule wa 11 unafika 2462 na wa 13 unafika 2472. Katika sehemu kubwa ya dunia ruta na vifaa hutumia mikondo 1 hadi 13. Marekani, kwa sheria zao za redio, vifaa kwa kawaida huishia mkondo wa 11. Kadi nyingi zilizotengenezwa kwa soko lao hazisikilizi kabisa juu ya hapo. Ruta iliyonunuliwa huku ikichagua 12 au 13, simu za huku zitaiona bila shida, na laptopu ya kutoka kule itapita mbele yake kama kipofu. Si mbovu; haikufundishwa kutazama upande huo.

Tena ruta nyingi zimewekwa zichague mkondo zenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inawaka upya na kutafuta mkondo wenye msongamano mdogo, na kwa kuwa majirani wengi wamejazana kwenye 1, 6 na 11, ile ya juu kabisa, 12 na 13, mara nyingi ndiyo mitupu. Kwa hiyo mtu anaweza kuiona Wi-Fi yake Jumatatu, umeme ukatike usiku, na Jumanne asiione tena. Hapa kwetu unajua umeme unavyotutendea.

Mleta uzi

Mama wa Ruashi, nimesoma maneno yako mara mbili kisha nikapanda juu ya kiti kuisoma karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Humo imeandikwa anwani ya ukurasa wake na neno la kuingilia. Kwetu ni 192.168.1.1, nyingine huwa 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Niliingia kwa simu, nikatafuta sehemu ya Wi-Fi, na pale palipoandikwa mkondo palikuwa na "otomatiki", na pembeni yake, kwa herufi ndogo, mkondo unaotumika sasa: 13.

Nilimwita binti aje aone. Nikabadilisha kuwa 6, nikahifadhi. Simu zote zilikatika kwa muda mfupi kisha zikarudi. Kwenye laptopu orodha ilijisasisha, na jina la nyumba yetu likatokea la kwanza kabisa, likiwa na mistari yote ya nguvu, mahali ambapo kwa siku tatu hapakuwa na kitu. Binti alipiga kofi moja tu, akakaa kimya akilitazama.

Na tukio la umeme ni kweli tupu: umeme ulikuwa umekatika asubuhi ya siku ile ile tuliyofungua boksi. Laiti tungeifungua siku moja kabla, huenda tusingejua kamwe kwamba tatizo hili lipo, mpaka lituangukie katikati ya mitihani.

Nina swali. Kwa nini umesema 1, 6 na 11, si 3 au 9?

Mchangiaji wa Ruashi

Kwa sababu Wi-Fi moja haikai ndani ya mkondo mmoja. Upana wake ni kama megahezi 20, na mikondo imeachana kwa 5 tu, kwa hiyo anayekaa kwenye 3 anamwagikia wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na wote watatu wanasumbuana. Mikondo 1, 6 na 11 ndiyo iliyoachana vya kutosha. Kaa kwenye 6 ikiwa majirani wa karibu wako kwenye 1 na 11. Na kama wote wamejaa, bora ushiriki mkondo mmoja na jirani kuliko kujipenyeza katikati ya wawili.

Ukiwa bado kwenye ukurasa huo, tazama pia aina ya ulinzi, yaani njia ya kuificha data inayopita hewani. Kama pameandikwa WPA na TKIP, badilisha kuwa WPA2 na AES. TKIP ni ya zamani, na inaifungia Wi-Fi kwenye mwendo wa megabiti 54 kwa sekunde, hata kama ruta yako ina uwezo mkubwa zaidi.

Mchangiaji wa Kamalondo

Naomba radhi kwa kuingia na shida yangu, lakini ni ndugu ya hii. Laptopu yangu ni mpya, niliondoa Windows nikaweka Ubuntu 22.04, mfumo wa familia ya Linux, kutoka kwenye fleshi niliyopewa na rafiki. Kwangu orodha ni tupu. Haionyeshi yetu wala ya jirani. Nimeambiwa pia kwamba kadi imekufa. Nilipotumia amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya ndani ya mashine, ilinitajia kadi ya Realtek RTL8852BE.

Mchangiaji wa Katuba

Kama lspci imekutajia jina la kadi, basi mashine inajua kwamba kadi ipo, na haikufa. Kwako ni ile hali nyingine niliyoitaja mwanzoni: draiva haipo. Ubuntu 22.04 ya mwezi wa nne mwaka 2022 ilitoka na kerneli, yaani kiini cha mfumo, toleo la 5.15, na kadi yako imeanza kutambuliwa na kerneli ya Linux kuanzia toleo la 6.2, la mwaka 2023. Mfumo wako ulizaliwa kabla ya draiva ya kadi yako, haujawahi kuisikia.

Mlango ni ule ule wa simu. Unganisha Android kwa waya wa USB, Linux nayo inaielewa bila kuongezewa kitu, kisha usakinishe kifurushi kinachoitwa linux-generic-hwe-22.04, ambacho kitakuletea kerneli mpya zaidi, na uwashe upya. Unaweza pia kuweka Ubuntu 24.04 moja kwa moja, ambayo ilitoka na kerneli 6.8, lakini faili lake linakaribia gigabaiti 6, na kwa bei ya mega tunayolipa ningekushauri njia ya kwanza.

Mchangiaji wa Kamalondo

Imekubali. Nimewasha upya, na majina yamejaa kioo. Mungu awabariki, nilikuwa nimeshaanza kutafuta kadi ya kununua.

Mchangiaji wa Likasi

Mleta uzi, mwanzoni ulitaja modemu ya USB, kisha ukanyamaza. Uliishia wapi nayo? Ninauliza kwa sababu mimi sina ruta, natumia modemu tu, na laptopu yangu mpya inakataa kuisakinisha programu yake. Inasema inaruhusu programu kutoka duka la Microsoft peke yake.

Mleta uzi

Ndugu wa Likasi, nasi tulikutana na ukuta huo huo jana jioni. Laptopu nyingi za bei nafuu zinakuja na Windows katika hali ya S. Katika hali hiyo mashine haikubali programu yoyote isipotoka kwenye duka la Microsoft, hata iwe salama namna gani, na programu ya modemu za zamani imo ndani ya modemu yenyewe, si dukani. Kutoka katika hali ya S ni bure, lakini mlango wa kutokea uko ndani ya duka hilo hilo, kwa hiyo unahitaji intaneti ili uruhusiwe kusakinisha kitu cha kukupa intaneti. Asiye na njia nyingine hukwama hapo. Sisi tulitokea kwa waya wa simu: mipangilio, mfumo, uamilishaji, kisha kiungo cha kwenda dukani. Ujue tu kwamba ukishatoka hurudi tena, nasi tulikubaliana na binti kabla ya kubonyeza.

Baada ya hapo programu ya modemu ilisakinishwa, ikafanya kazi. Lakini tazama kwanza modemu yako ni ya aina gani. Zipo zinazojitambulisha kama kadi ya mtandao zenyewe. Hizo hazihitaji programu yoyote, unachomeka na kufungua ukurasa wa 192.168.8.1 kwenye kivinjari. Kama yako ni ya aina hiyo, usihangaike na hali ya S hata kidogo.

Mchangiaji wa Likasi

Laptopu yangu ina prosesa, ule ubongo wa mashine, ya Snapdragon. Hilo linabadilisha kitu?

Mchangiaji wa Ruashi

Linabadilisha sana, mdogo wangu. Prosesa hiyo ni ya familia ya ARM, tofauti na zile za Intel zilizozoeleka kwenye laptopu. Windows yake inaweza kuendesha programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Intel kwa kuzitafsiri, lakini draiva haitafsiriwi. Lazima iwe imeandikwa kwa ARM yenyewe. Modemu ya zamani inayodai draiva yake haitakubali, hata ukitoka katika hali ya S. Ile inayojitambulisha kama kadi ya mtandao ina nafasi nzuri. Ijaribu kwanza, na usitoke katika hali ya S bila sababu.

Mleta uzi

Niongeze mambo mawili niliyoyalipia kwa mega zangu, kwa faida ya atakayefungua boksi kama letu.

La kwanza ni masasisho. Mara laptopu iliposhika mtandao ilianza kushusha vitu vyake vya tangu ilipotoka kiwandani, kimya kimya, na bando tulilokuwa tumenunua kwa wiki liliisha kabla ya saa nne usiku. Ingieni kwenye mipangilio ya mtandao mnaoutumia na muuweke kuwa wenye kipimo. Kwa Kifaransa imeandikwa "connexion limitée". Ifanyeni kwa Wi-Fi na pia kwa ule wa waya wa simu, kwa sababu kila mmoja una mpangilio wake. Lakini msiyakimbie masasisho moja kwa moja, kwa kuwa humo ndimo mnamokuja viraka vya usalama. Yaachieni siku mnayopata mtandao wa bei nzuri.

La pili ni saa. Laptopu ilikuwa bado kwenye saa za Marekani, na binti alipotafuta Kongo aliweka saa za Kinshasa, tukawa nyuma kwa saa nzima. Sisi wa Lubumbashi tuko saa mbili mbele ya saa ya dunia, wao wako saa moja. Katika orodha ya Windows jina la Lubumbashi halimo; chagueni mstari wa Harare na Pretoria. Saa moja haikati mtandao, lakini tarehe ikiwa imekosea kwa mwaka, tovuti nyingi zitakataa kufunguka zikidai kwamba muunganisho si salama, na mtu ataanza tena kuilaumu kadi.

Kuhusu fundi: nilipita kwake leo asubuhi nikiwa na laptopu chini ya kwapa, nikamwonyesha yote mawili, kibodi na mkondo. Hakununa. Alivuta laptopu nyingine iliyokuwa rafuni, ambayo mwenyewe alikuwa ameshalipa nusu ya bei ya kadi, akaiwasha mbele yangu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kubonyeza A kwenye kisanduku cha kuandikia. Ilitokea q.